Kuchagua Magurudumu ya Mbio za Triathloni

Wakaazi wanaojiandaa kwa triathloni, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, wanashauriwa kuangalia upepo kabla ya kuangalia bei. Kwenye barabara tambarare, mwendo ukizidi kilomita 30 kwa saa, nguvu nyingi za mwendeshaji huishia kusukuma hewa. Ndiyo maana rimu zenye kimo cha milimita 50 au zaidi huuzwa ghali: hupasua hewa vizuri kuliko rimu fupi.

Ila kusi likivuma kutoka ubavuni, rimu hiyo hiyo hugeuka tanga. Gurudumu la mbele ndilo hatari zaidi kwa kuwa hugeuka pamoja na usukani, na mshindani aliyeulalia usukani huo hawezi kulidhibiti upesi. Huko Kona, Hawaii, mashindano ya dunia ya Ironman yaliwahi kupiga marufuku gurudumu lililozibwa lote kama sinia, kwa sababu ya upepo.

Kwa barabara za Pwani, mbele milimita 40 na nyuma 60 zinatosha. Mwenye uzani mdogo apunguze zaidi. Breki zikiwa za kubana rimu ya kaboni, zinahitaji raba zilizotengenezewa kaboni. Asiye na fedha hizo aanze na tairi nyepesi na nguo zinazobana mwili, ambazo ni nafuu na husaidia sana.