Kuosha na Kuchungulia: Ulinganishi wa Mbinu Mbili za Kutibu Kiungo cha Taya na Istilahi Zake

Makala haya yanalinganisha mbinu mbili za kutibu kiungo cha taya bila kukipasua wazi, na kujadili namna ya kuzitaja kwa Kiswahili. Haja ni dhahiri: mgonjwa hutia sahihi kuridhia tiba, na asiyeelewa jina lake huridhia gizani.

Mbele ya sikio, taya la chini hukutana na fuvu. Baina yao mna kisahani cha gegedu. Kisahani hicho kikiteleza mbele, kiungo huweza kualika kila kinywa kifungukapo. Kikikwama huko, kinywa hakifunguki vyema. Wengi hupata nafuu kwa mazoezi, dawa na kifaa cha kuvaa menoni. Mbinu hizi ni za wasiopata nafuu hiyo.

Ya kwanza ni athrosentesisi, iliyoelezwa na Dorrit Nitzan na wenzake mwaka 1991. Daktari hudunga sindano mbili katika uwazi wa juu wa kiungo. Maji ya chumvi huingilia moja na kutokea nyingine, yakiondoa kemikali za uvimbe na kulegeza palipoganda. Mara nyingi ganzi ya mahali hapo hutosha.

Ya pili ni athroskopi, ambayo Masatoshi Ohnishi wa Japani aliieleza kwa kiungo hiki mwaka 1975. Hupenyezwa darubini nyembamba, yenye kipenyo cha takribani milimita 2. Daktari huosha, lakini pia huona, hukata mishikamano na huweza kukirejesha kisahani na kukishona. Aghalabu huhitaji nusukaputi, vifaa ghali na mafunzo marefu.

Zote mbili huweza kupunguza maumivu na kupanua kinywa, hata kisahani kisiporudi mahali pake. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na kuosha, mbinu iliyo nyepesi zaidi.

Tugeukie istilahi. Kwa asili ya Kigiriki, athrosentesisi ni kudunga kiungo, na athroskopi ni kukitazama. Kwa ya kwanza, "uoshaji wa kiungo" hufaa kuliko tafsiri sisisi, kwani hutaja kinachotibu. Kwa ya pili, "uchunguliaji wa kiungo" huvutia, ila hupotosha: mgonjwa ataridhia kuchunguliwa, kisha azinduke akiwa amekatwa na kushonwa. Napendekeza "upasuaji wa kiungo kwa darubini". Huenda jina hili likatisha, lakini halifichi kisu. Mwanaistilahi hana haki ya kumliwaza mgonjwa kwa kumficha jambo.