KIBODI NA KIPANYA AU PADI: KIPI BORA KWA MCHEZAJI?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kuwa kila chombo kwa wimbile. Mwaka huu nimeuona ukweli wa methali hiyo, tena kwa aibu.

Likizo ya Agosti, mimi na rafiki yangu, ambao tulikuwa chanda na pete, tuliingia saiba moja mtaani kucheza kandanda ya kompyuta. Kibodi ilikuwa moja. Yeye alishika herufi za kushoto, mimi nikashika vishale vya kulia. Wa kushindwa angenunua chipsi. Nilimfunga mabao matatu kwa nunge. Akalalamika, "Aki nabonyeza apige, na hapigi!" Nikamcheka mbele ya watu, nikamwita mwongo asiyekubali kushindwa. Alilipia chipsi lakini hakuzigusa. Tangu siku hiyo tukanuniana.

Siku chache baadaye nilirudi peke yangu, nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Nikabonyeza herufi tatu kwa pamoja. Lo! Zikatokea mbili tu. Kumbe ndani ya kibodi nyingi za bei nafuu vitufe hutumia nyaya kwa pamoja, na vidole vikizidi, vingine havitambuliwi. Huenda nilipong'ang'ania vishale vyangu nilikuwa nikimziba mwenzangu! Hapo nikaamua kuvichunguza vyombo hivi kimoja kimoja.

Kwanza, kipanya. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani huko San Francisco, Marekani, mwaka wa 1968, na cha kwanza kabisa kilikuwa cha mbao. Kilibuniwa kwa kazi, si kwa mchezo. Hata hivyo, mkono ukisogea kidogo, mshale nao husogea kidogo. Mkono ukikoma, mshale hukoma. Kwa michezo ya kulenga shabaha, kipanya ni simba. Mwaka wa 1997, kijana Mmarekani Dennis Fong alishinda mashindano ya mchezo wa Quake kwa kibodi na kipanya, akatuzwa gari la Ferrari.

Pili, kibodi. Ina vitufe tele, hivyo hufaa michezo yenye amri nyingi, kama ile ya kujenga miji na kuongoza majeshi. Kasoro yake ni kwamba kitufe hakijui "kidogo". Ama umekibonyeza, ama hujakibonyeza. Ukitaka gari likate kona polepole, wapi!

Tatu, padi. Mwaka wa 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa mashine ya Famicom nchini Japani, padi yake ikiwa na kitufe chenye umbo la msalaba. Baadaye vikaja vijiti vya kusukumwa kwa kidole gumba. Ukikiinamisha kijiti kidogo, mchezaji wako anatembea. Ukikiinamisha chote, anatimua mbio. Kwa kandanda na magari, padi ndiyo yenyewe. Kulenga nayo ndiko kugumu, kwa sababu kijiti huamuru kasi ya kugeuka, si mahali pa kufika. Ndiyo maana michezo mingi ya bunduki humsaidia kidogo mwenye padi. Tena wachezaji wawili wakiwa na padi mbili, kila mmoja ana vitufe vyake, na hakuna wa kumziba mwingine.

Basi kipi bora? Jibu langu ni hili: uliza kwanza unacheza nini na unacheza na nani. Wawili wasigombanie kibodi moja kisha wakaitana waongo. Na kabla ya kumlaumu mtu, kipime chombo.

Rafiki yangu, najua utausoma ukurasa huu. Hukuwa mwongo. Mwongo nilikuwa mimi niliyejiita bingwa. Chipsi ni juu yangu, na safari hii tutatafuta padi mbili. Ukinifunga, sitakuwa na kisingizio.