Yipsi: Mkono Unapomkaidi Mcheza Gofu

Mchezaji aliyeufikisha mpira mita moja kutoka shimoni huwa amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya gofu. Kinachobaki ni kuusukuma taratibu, kazi ambayo hata mwanagenzi huiweza. Hata hivyo, wapo mabingwa ambao papo hapo kifundo cha mkono huruka ghafla, uso wa fimbo ukageuka na mpira ukapita kando. Hali hiyo huitwa yipsi, jina lililoenezwa na Tommy Armour, mzaliwa wa Scotland aliyeshinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1927 na ya Uingereza mwaka 1931.

Wengi huiita woga. Kwa baadhi ya wagonjwa wamepatia: mkono hutulia mazoezini na kuyumba pale tu watazamaji na ushindi vinapokuwa mbele. Lakini kwa wengine chanzo ni distonia, hitilafu ya ubongo katika kuratibu misuli kwa tendo moja lililorudiwa miaka mingi. Misuli ya kukunja na ya kunyoosha kifundo, ambayo hupaswa kupokezana, hukaza kwa pamoja. Ni ndugu wa maradhi ya karani ambaye vidole hujikunja akishika kalamu, ilhali hufunga vifungo vya shati bila taabu. Mwenye distonia huweza kupata mshtuko huo hata akiwa peke yake uwanjani. Na mara nyingi hupungua akibadili mshiko.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Mwenye distonia akiambiwa ajikaze na kurudia pigo lile lile mara mia kwa siku, huenda akakizidisha kile kile anachokikimbia. Isitoshe, aibu ya kukosa mpira wa karibu huzaa wasiwasi, na wasiwasi huongeza mshtuko, hata vyanzo viwili vikaishi katika mkono mmoja.

Bernhard Langer wa Ujerumani alipatwa na yipsi zaidi ya mara moja. Kuna wakati aliteremsha mkono wa kushoto kwenye fimbo, kisha kwa mkono wa kulia akaubana mpini dhidi ya kigasha cha kushoto, kifundo kisipate nafasi ya kuruka. Alishinda mashindano ya Masters mwaka 1985 na tena mwaka 1993. Mbinu yake ina mantiki ya kitabibu: ubongo hupewa tendo jipya lisilobeba kasoro ya lile la zamani. Fimbo ndefu nayo husaidia, ingawa tangu mwaka 2016 kanuni zimekataza kuiegemeza mwilini wakati wa kupiga.

Wasiwasi hutibiwa kwa ushauri wa kisaikolojia na utaratibu usiobadilika kabla ya pigo. Kwa distonia, daktari bingwa wa neva huweza kudunga sumu ya botulinamu kwa kipimo kidogo katika misuli husika. Ikizidi, mkono hulegea. Propranolo hutuliza mtetemo, lakini ni hatari kwa mwenye pumu, na dawa za kundi lake zimepigwa marufuku katika mashindano ya gofu.

Mtetemo ukihamia kwenye kikombe au kalamu, au ukiambatana na ganzi au udhaifu, uchunguzi usicheleweshwe. Mgonjwa aende na fimbo yake, pamoja na video ya pigo iliyorekodiwa kwa simu, kwani mkono mtupu ndani ya chumba cha daktari huonekana mzima kabisa.