Shule ya Kwanza ya Mtoto

Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, ni mahali pa vilima na mabonde, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 yapita hapo. Mvua ikinyesha alasiri, njia huteleza na vijito hujaa upesi. Mzazi atakaye kumpeleka mtoto wa miaka 4 shuleni yafaa aitazame njia hiyo kwanza, kabla hajauliza habari za karo wala sare. Na aitembee mwenyewe, kwa mwendo wa mtoto, si kwa mwendo wa mtu mzima anayewahi soko. Shule iliyo ng'ambo ya kijito kisicho na daraja haimfai mtoto wa umri huo, hata ikisifiwa namna gani.

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti kazi ya elimu ya awali, na mtaala ulioanza nchini kote mwezi wa Januari 2019 uliweka miaka miwili ya masomo hayo kabla ya Gredi ya Kwanza. Basi pengine mzazi hupata shule ya kaunti karibu na nyumbani, na shule ya mtu binafsi iliyo mbali, yenye basi na ukuta uliopakwa rangi. Wengi huvutwa na basi.

Tena wako wapendao shule inayosema Kiingereza tangu siku ya kwanza. Nia yao ni njema, maana Kiingereza ndiyo lugha ya ofisi nyingi na ya mitihani mikubwa. Lakini mtoto aliyelelewa kwa Kikipsigis, akiketishwa mbele ya mwalimu asiyemwelewa, hana njia ya kusema ya kuwa tumbo lamwuma au ya kuwa ataka kwenda chooni. Hunyamaza. Mwalimu humdhania mzito wa akili, naye mtoto hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuiogopa shule. Hofu hiyo haitoki upesi. Ndiyo sababu kanuni ya elimu ya Kenya yataka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa. Vilimani lugha hiyo ni Kikipsigis; penye soko, ambapo Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii huchanganyika, huenda Kiswahili kikafaa zaidi. Kiingereza nacho chaweza kuanzwa polepole, kwa nyimbo na michezo.

Mzazi asiache kufika shuleni asubuhi ya siku ya kazi, bila kutoa habari mbele. Aangalie kama watoto wanacheza, wanaimba, wanafinyanga udongo na kuhesabu mbegu za mahindi, au kama wamepangwa kimya wakinakili herufi ubaoni. Vidole vya mtoto wa miaka 4 havijawa imara kwa kalamu, na mchezo ndio unaoviimarisha. Akiona fimbo juu ya meza ya mwalimu, na aulize kazi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza kumtesa mwanafunzi, kwa mwili au kwa nafsi.

Choo nacho kitazamwe, ingawa wazazi wengi huona haya kuuliza. Tundu la choo cha shimo lililochimbwa kwa ajili ya wakubwa ni hatari kwa mdogo. Pia na ajue uji hupikwa saa ngapi na kwa maji gani, mwalimu ana cheti cha kufundisha watoto wadogo, na ni nani anayewatazama watoto kabla hawajachukuliwa.

Jioni za juma la kwanza, mtoto asiulizwe amepata alama ngapi. Aulizwe ameimba wimbo gani, na jina la mwenzake aketiye karibu naye. Akikosa la kujibu juma zima, mzazi arudi shuleni akaonane na mwalimu.