Nani Alikuwa Juu ya Kilima? Namna ya Kuandaa Bibliografia Yenye Maelezo

Mhadhiri akikupa kazi ya bibliografia yenye maelezo, anataka vitu viwili. Kwanza, orodha ya vyanzo iliyopangwa kwa mtindo mmoja unaokubalika chuoni. Pili, chini ya kila chanzo, aya fupi, mara nyingi ya maneno 100 hadi 200, inayoeleza chanzo kinasema nini, mwandishi wake ni nani, kinaaminika kiasi gani na wewe utakifanyia nini. Wanafunzi wengi hulimaliza la kwanza na kuishia katikati ya la pili. Wanafupisha kitabu, wanaweka nukta, wanahamia kingine. Ufupisho huo mtu yeyote anaweza kuunakili kutoka nyuma ya jalada, na mhadhiri anajua hivyo.

Tuufanyie kazi mfano mmoja, na tuutoe Old Kampala, kwa kuwa ni vigumu kupata kilima kidogo chenye maandishi yanayopingana kiasi hicho. Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Imperial British East Africa alipanda hapo akajenga ngome. Mkabala naye palikuwa na Mengo, makao ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Rubaga, walikokuwa mapadre Wafaransa wa Kikatoliki. Na Namirembe ya Waprotestanti. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo zilipigana, katika vita vinavyoitwa vya Mengo. Chokochoko ilikuwa kifo cha Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki, na Mwanga kumwachia huru aliyemuua. Lugard aliwagawia Waprotestanti silaha, bunduki ya Maxim ikafyatuliwa, misheni ya Rubaga ikateketea, Mwanga akakimbilia kisiwani Bulingugwe. Ukienda leo utakuta Msikiti wa Taifa, uliomalizwa kwa fedha za Libya. Ngome ya asili iliondolewa kuupisha.

Swali la utafiti tuseme ni hili: nani anabeba lawama ya vita vya Mengo? Usianze kukusanya vitabu kabla swali halijasimama. "Historia ya Kampala" si swali, na orodha itakayotokana nayo haitakuwa na mwisho.

Kitabu cha kwanza utakachokutana nacho ni cha Lugard mwenyewe. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Kitabu hiki kinaeleza jinsi Lugard alivyofika Uganda na vita vilivyotokea. Ni kitabu kizuri na kina taarifa nyingi." Hakuna uongo hapo, ila hakuna kitu. Linganisha na hii:

Lugard, F. D. (1893). *The Rise of Our East African Empire* (Juz. 1–2). William Blackwood and Sons.
Mwandishi ndiye aliyekuwa mkuu wa ngome ya Kampala siku ya vita. Lawama anawatwika Mwanga na chama cha Wafaransa, yaani Wakatoliki, na kuwagawia Waprotestanti silaha anakueleza kuwa ni kujihami. Kitabu kilitoka mwaka ule ule ambao Kampuni ilijiondoa, na Lugard anapigania Uingereza isiiache Uganda. Kwa hiyo ni kumbukumbu na utetezi kwa pamoja. Nitakitumia kwa habari za ngome, silaha na mawasiliano yake na Mwanga, wala si kwa hukumu. Nitakisoma sambamba na shajara zake, zilizohaririwa na Margery Perham na Mary Bull (1959), ambazo aliziandika matukio yakiwa bado ya moto.

Angalia kilichobadilika. Sentensi ya kwanza inasema mtu alikuwa amesimama wapi. Ya tatu inasema aliandika kwa sababu gani na wakati gani. Mbili za mwisho zinasema wewe umeamua nini. Madai yenyewe yamepewa sentensi moja tu, na inatosha. Ningekushauri uanze kila maelezo kwa swali hilo: siku hiyo mwandishi alikuwa juu ya kilima kipi? Kama hakuwepo kabisa, alimsikiliza nani?

Mwulize swali hilo Apolo Kaggwa nawe utaona faida yake. Kitabu chake cha wafalme wa Buganda, *Basekabaka be Buganda*, kilitoka 1901 kwa Kiganda, na mwanafunzi huvutiwa kukiita "sauti ya Waganda". Lakini Kaggwa alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, tangu 1889 na kiongozi wa Waprotestanti, yaani mshindi wa vita vile vile. Mganda Mkatoliki aliyekimbilia Buddu mwaka 1892 asingesimulia hivyo. Andika hilo. Andika pia umetumia toleo gani, kwa sababu kitabu kiliongezwa baadaye, na tafsiri ya Kiingereza ya M. S. M. Kiwanuka (1971) ina maelezo ya mhariri yanayomhoji Kaggwa. Ukimnukuu Kiwanuka ukidhani unamnukuu Kaggwa, umewachanganya watu wawili waliopishana miaka 70.

Baada ya hao tafuta mpinzani aliye karibu na tukio. J. R. L. Macdonald, mpimaji wa njia ya reli, alipewa kazi ya kuchunguza mwenendo wa Lugard na hakumpendelea. Kitabu chake ni cha 1897. Kisha mwanahistoria aliyewapima wote: *Lugard at Kampala* cha John A. Rowe (1969), kijitabu chembamba kinachofaa kusomwa mapema ingawa katika orodha kitakaa karibu na mwisho. Vyanzo vinne au vitano vinavyobishana vina thamani kuliko 15 vinavyoitikiana.

Halafu kuna wasiokuwemo. Msafara wa Lugard ulikuwa na askari wa Kisudani na wapagazi Waswahili kutoka pwani. Ngome ilijengwa kwa mikono yao, na Kiswahili kilisikika kilimani hapo. Katika vitabu nilivyovitaja wao ni idadi na majina machache. Maelezo mazuri hulitaja pengo la namna hiyo kwa sentensi moja, na mara nyingi hapo ndipo mada ya tasnifu inapopatikana.

Kuhusu mahali pa kutafuta: maktaba kuu ya Makerere ina sehemu ya vitabu vya Afrika, na maktaba ya Uganda Society iko ndani ya Jumba la Makumbusho, Kitante. Humo ndimo mwa kuulizia jarida la *Uganda Journal*, lililoanza 1934. Makumbusho yenyewe, kwa taarifa yako, yalianzia Old Kampala mwaka 1908, kwenye ngome ya Lugard. Vitabu vya miaka ya 1890 kwa kawaida havina tena hakimiliki, na kitabu cha Lugard kinasomeka bure kwenye tovuti ya Internet Archive. Unapotafuta, jaribu tahajia zote: Kaggwa na Kagwa, Rubaga na Lubaga. Katika orodha yako fuata tahajia ya jalada la toleo uliloshika.

Programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, itakupangia marejeleo kwa APA, Chicago au mtindo mwingine, ila hujaza kile ulichoipa. Jina lililoingizwa kinyume litatoka kinyume. Ukitumia APA, toleo la 7 la mwaka 2019 halitaki tena mji wa mchapishaji. Na programu za akili mnemba hubuni vitabu visivyokuwepo, vikiwa na mwandishi, mwaka na hata kurasa. Chanzo ambacho hujakifungua kwa mkono wako au hujakiona kwenye katalogi ya maktaba, kitoe.

Andika maelezo siku ile ile unaposoma, kwa kitenzi kinachoonyesha mwandishi anafanya nini: anadai, anakanusha, anatetea, anapuuza. "Anazungumzia" haisemi chochote. Ukimaliza panga kwa alfabeti ya jina la ukoo, na uangalie majina ya Uganda, maana wengine hulitanguliza la ukoo na wengine hulimalizia.

Ukibahatika kuzungumza na mzee wa Old Kampala anayekumbuka alichosimuliwa na babu yake, APA haikuruhusu kumweka kwenye orodha. Mahojiano yako binafsi hutajwa ndani ya matini tu, kwa jina na tarehe. Mwombe ruhusa kabla ya kumtaja, na umwulize mhadhiri kama anataka nakala ya mahojiano iambatishwe mwishoni.