SOMO LA WANACHAMA: NYABINGI, MUHUMUZA NA NGUVU YA MWANAMKE



Mara nyingi mikutanoni husemwa kwamba uongozi ni kazi ya wanaume tangu enzi za mababu. Sisi tulioandaa somo hili tuko Kashojwa, katika makazi ya Nakivale, na jibu hatukulitafuta mbali. Historia ya milima ya Kigezi, kusini-magharibi ya Mbarara, inatosha.

Wazee wa Ndorwa waliamini mzimu wa kike uitwao Nyabingi. Masimulizi mengine humtaja kuwa malkia wa Ndorwa, mengine wa Karagwe. Waliosema kwa niaba yake, wanawake kwa wanaume, waliitwa abagirwa. Watu waliwapelekea ng'ombe, mbuzi na pombe, wakiomba uzazi na afya.

Mashuhuri kati yao ni Muhumuza, anayesimuliwa kuwa mmoja wa wajane wa Mfalme Rwabugiri wa Rwanda, aliyefariki mwaka 1895. Wajerumani walimwona hatari, wakamfunga Bukoba. Alipoachiliwa aliwakusanya watu wa milimani kupinga ukoloni. Mwaka 1911 Waingereza walimshambulia, wakamjeruhi na kumkamata. Walimweka kizuizini Kampala, akafia huko mwaka 1945. Mwaka 1912 wakatunga Sheria ya Uchawi, iliyotumika kuwaadhibu abagirwa. Je, asiye na nguvu hutungiwa sheria?

Lakini tusijidanganye. Kuheshimu mzimu wa kike si sawa na kumpa mwanamke haki yake. Kwa Wahima wa Ankole mwanamke alisafisha vyombo vya maziwa na kutengeneza siagi, lakini mwiko ulimkataza kukamua. Na ng'ombe ndio waliokuwa utajiri. Kwa wakulima, mwanamke alilima na kuvuna ulezi, lakini shamba lilirithiwa na wana wa kiume. Basi mwiko haukushuka kutoka mbinguni. Ulilinda mali ya wenye mali.

Leo mwanamke huchuma chai sawa na mwanamume, na kikapu chake hupimwa kwa mizani ile ile. Akitaka kugombea ukatibu wa tawi, huambiwa: "Mila hairuhusu." Tuulize: mila ya nani, na inamnufaisha nani? Tajiri hufurahi akiona nusu ya wafanyakazi wamenyamazishwa na wenzao.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Kwa nini wakoloni walimwogopa Muhumuza?
2. Katika tawi letu, ni wanawake wangapi wamo katika kamati?
3. Ni mwiko gani kazini unaomnufaisha tajiri?

Umoja ni nguvu!