Kompyuta Mpakato Hulalaje? Swali la Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mnunuzi wa kompyuta mpakato huuliza bei, ukubwa wa diski na hali ya betri. Ni nadra aulize jinsi mashine inavyolala kifuniko kinapofungwa, ilhali hapo ndipo huanzia malalamiko ya betri iliyojaa usiku na kukutwa tupu asubuhi, au ya mashine iliyotolewa mkobani ikiwa moto.

Taratibu za kusimamia umeme wa kompyuta zimebadilika. APM, wa mwaka 1992, uliacha maamuzi mengi kwa programu ya ndani ya mashine. ACPI, wa mwaka 1996, uliyakabidhi kwa mfumo endeshi. APM hauna haja ya kumsumbua mnunuzi wa leo, kwani Windows iliacha kuutumia tangu Vista. Uchaguzi wa kweli umo ndani ya ACPI yenyewe, baina ya usingizi wa zamani, S3, na usingizi mpya, S0.

Katika S3, karibu kila kitu huzimwa isipokuwa kumbukumbu ya muda. Mashine huchukua sekunde chache kuamka, lakini hula umeme kidogo na hubaki baridi. Katika S0, mashine haizimiki hasa. Hupunguza matumizi tu, mfano wa simu iliyozimwa kioo. Huamka papo hapo, na yaweza kupokea barua pepe ikiwa imefungwa. Ikitulia, ni raha kuitumia. Tatizo ni kwamba programu moja isiyotulia, au kifaa kilichochomekwa pembeni, chaweza kuinyima mapumziko, betri ikaisha bila mwenyewe kujua.

Muuzaji anaweza kukujibu kwamba zote hulala sawa. Hakuna haja ya kubishana. Omba mashine iwashwe. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua dirisha la amri, kisha andika powercfg /a. Orodha ya kwanza itaonyesha aina za usingizi zinazopatikana, na ya pili zile zisizopatikana, pamoja na sababu.

Anayesafiri na mashine kutwa nzima, au anayeishi panapokatika umeme mara kwa mara, tunamshauri achague yenye S3, hata ikiwa ni ya miaka ya nyuma kidogo, mradi betri yake ni nzima. Kwa anayeketi karibu na chaja, S0 haina ubaya.

Aliyekwisha kununua ya S0 asilazimishe S3 kwa maelekezo ya kuokoteza. Baadhi ya ThinkPad huruhusu kuchagua katika mipangilio ya BIOS, lakini katika mashine nyingi mtengenezaji hakuiweka, na kuilazimisha kwaweza kuifanya ishindwe kuamka. Iliyo salama zaidi ni kupanga kwamba kufunga kifuniko kuite hali iitwayo Hibernate, ambayo huandika kazi yote katika diski na kisha kuzima mashine. Kuamka kutachelewa kidogo, lakini betri utaikuta karibu kama ulivyoiacha.